Kazija Wawili

Wanangu, kila Jumamosi mkipanda ngazi kuja hapa Kiponda huwa mna swali moja: tuanze na lugha gani ya kompyuta? Mimi huwajibu yoyote ile, nanyi mkanuna. Leo nimeamua kuandika, maana sauti yangu imechoka na nyinyi mna tabia ya kuchezea simu mtu mzima akisema.

Naitwa Shirin. Nimeandika programu kwa karibu miaka thelathini katika ofisi moja ya hapa mjini, ghorofa ya pili, ofisi iliyokuwa ikitunza daftari la watoto wa vituo kadhaa vya afya vya shamba. Sasa nimestaafu, magoti yananisumbua, na subira ambayo sikuwa nayo ujanani haijanijia hata uzeeni. Kwa hiyo nitasema wazi. Wengi wenu hamjifunzi, mnanakili. Mnamtazama mtu kwenye video akiandika, mnaandika alichoandika, kitu kinafanya kazi, mnapigana picha. Kesho yake nikiwaambia mkifanye kile kile bila video, mnakodoa macho.

Sikasiriki kwa sababu nawadharau. Nakasirika kwa sababu mimi nilikuwa mbaya zaidi yenu, na ubaya wangu ulikaribia kumgharimu mtoto mmoja. Habari yake nitaifikia. Kwanza niwaeleze nilivyofundishwa, maana bila hiyo hamtaona nilipokosea.

Aliyenifundisha ni Bwana Kanti, mkuu wa chumba chetu. Alikuwa Mhindi wa Hurumzi, mtu wa shati jeupe lililopigwa pasi na penseli nyuma ya sikio, na katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikumsikia akipandisha sauti. Siku yangu ya kwanza niliketi mbele ya kompyuta nikijiona mtu. Akaja taratibu, akaizima. Akaniwekea daftari la hesabu, lile la miraba, na penseli iliyochongwa.

Zoezi lenyewe mtalicheka. Programu iambiwe leo ni siku gani, nayo ijibu zimebaki siku ngapi mpaka Ijumaa ijayo. Niliandika ukurasa mzima kwa muda mfupi, nikampelekea nikitabasamu.

"Leo siku gani, Shirin?" akaniuliza.

"Ijumaa, Bwana Kanti."

"Programu yako inasema mpaka Ijumaa ijayo zimebaki siku sifuri. Basi baba yako akitoka kusali leo amwambie imamu waanze tena?"

Nilikuwa Muislamu nikifundishwa habari za Ijumaa na Mhindu, na alikuwa na haki. Nikarekebisha. Akachukua ule ukurasa, akauchana, akasema, "Andika tena. Usiukumbuke, ufikiri." Zoezi lile aliniandikisha mara kumi na moja, kila mara kwenye ukurasa mtupu. Mara ya nne nilianza kumchukia. Mara ya saba nilijikuta mkono unakwenda wenyewe na akili imepata nafasi ya kutazama. Mara ya kumi na moja niliona kwamba mistari niliyoandika kwa ajili ya Jumamosi na ile ya Jumapili ilikuwa ikifanya kazi moja, na kwamba hesabu moja fupi ingetosha kwa siku zote saba. Hakuna aliyenionyesha. Nililiona mwenyewe, na mpaka leo sijalisahau.

Ndiyo maana nawafutisha kazi zenu. Jamaa mmoja kati yenu aliniambia mwezi uliopita kwamba nina roho mbaya. Huenda, lakini programu yake ya sasa ni nusu ya urefu wa ile ya kwanza na anaweza kuieleza akiwa amefumba macho.

Jambo jingine la Bwana Kanti, ambalo nataka mlifanye kuanzia leo: kabla ya kubonyeza programu ianze, andika kwenye karatasi unatarajia ijibu nini. Siyo kichwani, kwenye karatasi. Kichwa ni mwongo, kikiona jibu hujidai kilikuwa kinalijua. Karatasi haibadilishi maneno.

Mwalimu wangu wa pili hakujua kwamba ni mwalimu. Bi Mosi alikuwa mhudumu wa ofisi, mtu wa Makunduchi huko kusini, mama wa makamo mwenye macho makali. Alifagia, alipika chai, alipeleka barua. Akimaliza kazi zake aliketi karibu na dirisha akidarizi kofia za kiume, zile za mkono ambazo moja huchukua wiki nyingi. Na Bwana Kanti alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: hakuna programu iliyokwisha mpaka Bi Mosi aitumie.

Mimi nilidhani ni utani. Mara ya kwanza nilimwita kujaribu programu ya kuandikisha watu. Akafuta mikono, akaketi, akaandika jina lake kwa kidole kimoja. Halafu akakwama.

"Hii yataka nini?"

"Tarehe yako ya kuzaliwa, Bi Mosi."

"Siijui. Mamangu kanambia nimezaliwa masika, mwaka waliojenga nyumba ya pili."

"Andika yoyote tu, tuendelee."

"Yaani mie niseme uongo kwa ajili ya kompyuta yako?" Akabonyeza kitufe cha kuendelea bila tarehe. Programu ikakataa. Akabonyeza tena, ikakataa tena. "Basi mie sijazaliwa," akasema, akarudi kwenye kofia yake.

Bwana Kanti alicheka mpaka penseli ikamdondoka. Nami nikakaa chini nikatengeneza nafasi ya watu wanaojua mwaka tu, na ya watu wanaojua takriban. Katika kichwa changu nikajiwekea hukumu: tarehe za kuzaliwa za watu wa shamba hazitegemeki. Ilikuwa hukumu ya mtu wa mjini, na ilikuja kuniponza.

Niseme na habari ya mitindo, maana najua mnaisubiri. Mkitoka kwenye zile semina zenu mnarudi na majina ya mitindo ya kusanifu programu, mnataka kila kitu mkitie humo. Mimi pia nilipitia ugonjwa huo. Nilisoma kitabu kizima cha mitindo, nikaichukua programu ndogo ya kuchapisha barua ya mwaliko wa kliniki nikaigawa kwenye faili saba, kila faili na cheo chake. Bwana Kanti akaomba kitu kimoja tu, neno "Ndugu" libadilishwe liwe "Bi" kwa akina mama. Ilinichukua asubuhi nzima kutafuta faili lipi kati ya saba ndilo lenye neno hilo.

Bi Mosi alikuwa akisikiliza. Nikamwuliza kwa hasira, nikitaka anitetee, kwani yeye kwenye kofia hana mitindo?

"Ninayo mingi," akasema. "Huu wa mamangu, huu wa shoga yangu, huu nimeuona kwenye kichwa cha bwana harusi nikauiba. Lakini kwanza napima kichwa, Shirin. Ua la kichwa kikubwa ukilitia kwenye kofia ya mtoto, lote linajikunja."

Basi, hilo ndilo somo langu zima la mitindo. Andika kwanza kitu kidogo kinachofanya kazi. Kikianza kukubana, ukijikuta unarudia jambo lile lile mahali patatu, hapo tafuta mtindo, na utauelewa kwa sababu kidonda unakijua.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka mmoja tulipata habari kwamba madaktari wa moyo watakuja Unguja kuwaangalia watoto, na watakaoonekana wanahitaji watapelekwa nje kutibiwa. Orodha ya watoto wa vituo vyetu ilikuwa itoke ofisini kwetu na kukabidhiwa hospitalini Alkhamisi kabla ya adhuhuri. Tatizo letu lilikuwa watoto walioandikwa mara mbili. Mama anamwandikisha mwanawe kijijini, akija kukaa kwa nduguye Ng'ambo anamwandikisha tena, na daftari linakuwa na watoto wawili ambao ni mtoto mmoja. Mkuu wa ofisi akaniambia nilisafishe daftari kabla orodha haijatoka.

Niliandika mistari kumi na tisa. Niliipenda mistari ile, ilikuwa mizuri. Ilichukua kila mtoto, ikalinganisha jina lake, la baba, la babu, la mama na kijiji. Vitano hivyo vikilingana, ni mtoto mmoja: anabaki aliyeandikwa kwanza, wa pili anaondoka. Tarehe ya kuzaliwa sikuilinganisha, kwa sababu nilikwisha jiambia kwamba tarehe za shamba hazitegemeki. Jina na wazazi na kijiji, vyote vitano, nikasema haiwezekani vikosee.

Bwana Kanti akapita nyuma yangu. "Bi Mosi ameiona?"

Bi Mosi alikuwa pale pale dirishani, hatua sita kutoka kwangu. Ningemwita kwa jina angeitikia naam. Lakini ilikuwa mistari kumi na tisa tu, haina skrini ya kujaza wala kitufe cha kubonyeza, nikajiuliza Bi Mosi ataona nini humo. Tena nilikuwa na haraka, na nilichoka kukosolewa na mtu anayepika chai. Nasema hivyo hivyo nilivyofikiri, kwa aibu yangu.

"Ameiona," nikasema.

Nikaiendesha. Daftari likapungua vizuri. Tukavipelekea vituo nakala mpya ya daftari.

Jumanne asubuhi, zikiwa zimebaki siku mbili, nikasikia watu wakipanda ngazi zetu polepole sana. Hatua mbili, kimya, hatua mbili, kimya. Nilidhani ni mzee. Alikuwa mama wa umri wangu, amevaa kanga juu ya gauni, amemshika mkono mtoto wa kike wa miaka saba hivi. Mtoto alikuwa anapumua kwa mabega, na midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuieleza. Alitaka kuniamkia, akasita akavuta pumzi, akavuta tena, ndipo akasema shikamoo. Nikamwitikia marahaba nikamvutia kiti.

Mama yake jina lake Bi Mize. Ametoka kijiji kimoja cha kusini. Hakupiga kelele wala hakulia. Alisema hivi, na maneno yake ninayo mpaka leo:

"Mie nimekwenda kituoni kuuliza siku ya madaktari. Nimeambiwa mwanangu hayumo, daftari la mjini linasema keshakufa. Basi n'mekuja naye mumuone."

Niliketi kwenye kompyuta. Jina la mtoto ni Kazija, baba yake Ame, babu yake Vuai. Nikamtafuta. Kazija wa Ame wa Vuai, mama Mize, yupo mmoja, na mbele yake imeandikwa amefariki. Nikaona afueni. Ni kosa dogo, nikajiambia, karani kabonyeza mahali sipo. Nikamwambia Bi Mize asiwe na wasiwasi, nitalifuta lile neno, nitaandika yu hai, tutamtia kwenye orodha, dakika moja tu.

Bi Mosi alikuwa amemletea mtoto maji. Akamtazama, akamtazama mama, akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu jina kalirithi?"

"Kalirithi la dadake," Bi Mize akasema. "Yule wangu wa mwanzo. Alikaa miezi minane."

Wanangu, nikarudi kulisoma lile jina kwenye skrini. Nyinyi mlio wa shamba mmekwisha elewa. Wa mjini nitawaeleza kama nilivyoelezwa. Kuna nyumba ambazo mtoto akifariki, anayezaliwa baada yake, akiwa wa jinsi ile ile, hupewa jina lake, jina lisipotee. Kwetu hatufanyi, wala sikupata kulisikia. Kwa hiyo baba ni yule yule, babu yule yule, mama yule yule, kijiji kile kile, na jina lile lile. Vyangu vitano vyote vimelingana, na watoto ni wawili. Kitu pekee kilichowatenganisha ni tarehe ya kuzaliwa, ambayo mimi niliidharau. Mistari yangu kumi na tisa ilimbakisha aliyeandikwa kwanza, yaani marehemu, ikamwondoa aliye hai pamoja na maneno yote aliyoandika daktari kuhusu moyo wake.

Kidole changu bado kilikuwa kwenye kitufe. Nilikuwa karibu kulifuta neno "amefariki" na kumgeuza yule wa kwanza awe huyu. Bi Mize akaona, sijui aliona vipi, akauliza, "Wafuta nini hapo?"

"Nafuta hili la marehemu, Bi Mize. Ili abaki huyu."

"Usimfute." Aliweka mkono wake juu ya meza. "Yule naye mwanangu. Huyu mtie, lakini yule usimfute."

Niliondoa mkono kwenye kibodi.

Kisha Bi Mosi akaniambia, "Shirin, kwetu sisi hao ni wengi. Umefuta wangapi?"

Nikaenda kwa Bwana Kanti. Alikuwa mezani kwake, chumba cha ndani. Nikasimama mlangoni nikamwambia nilimdanganya, Bi Mosi hakuiona ile programu, na kuna watoto hai ambao nimewaondoa, na mmoja yuko kwenye kiti hapo nje na hawezi kupanda ngazi bila kupumzika. Nilitegemea kwa mara ya kwanza nitaisikia sauti yake ikipanda. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akafungua droo akatoa diski. Kila mara kabla mtu hajaligusa daftari, yeye alitoa nakala akaifungia humo, nasi tulikuwa tukimcheka kwa hilo, tukisema anaficha daftari wezi wasije.

"Daftari la zamani ni hili," akasema. "Wote waliokuwa wawili wakawa mmoja, wachapishe kwenye karatasi, wawili wawili, tarehe zao pembeni."

"Utanigombeza lini?" nikamwuliza.

"Ijumaa. Sasa hivi hatuna nafasi."

Zilitoka kurasa tisa. Tungeweza kuandika programu nyingine ya kuamua kwa kutazama tarehe, na nilipendekeza hivyo, Mungu anisamehe. Bwana Kanti akatikisa kichwa. Tarehe nyingine zilikuwa za takriban, nyingine tupu. Mtoto mmoja angeweza kuwa na tarehe mbili, na watoto wawili wangeweza kuandikiwa mwaka mmoja kwa kukisia. Kompyuta ilikuwa imefika mwisho wa inachokijua. Aliyejua ni mama wa mtoto, basi.

Tukaanza kupiga simu. Tuliwapigia masheha wa vijiji, sheha akamtafuta mama, mama akaja kwenye simu. Wa kwanza nilimwuliza mimi mwenyewe. Nilimwuliza kama ofisi, "Je, uliwahi kufiwa na mtoto mwenye jina hili?" Nikasikia pumzi, halafu simu ikakatwa.

Bi Mosi akanipokonya simu, hakuniomba. Akampigia sheha tena, akamsalimia, akaulizia hali za nyumbani na mwani na mvua, akaomba apewe yule mama. Akasema naye kidogo, kisha akauliza, "Mwanetu huyu jina kalirithi kwa nani?" Akasikiliza. Akanionyesha vidole viwili. Wawili.

Lile ndilo swali. Mama akisema jina ni la bibi yake au shangazi yake, basi mtoto ni mmoja aliyeandikwa mara mbili. Akisema ni la dadake au kakake, ni wawili. Hakuna aliyeumizwa na swali hilo, wengine walilijibu kwa furaha, mmoja akasimulia kisa kizima cha marehemu nyanya yake mpaka Bi Mosi akabadilisha sikio. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika penseli na kuweka alama, moja au mbili, moja au mbili, Jumanne hiyo na Jumatano kutwa.

Katikati ya kazi, Kazija alikuwa akija na mamake kila asubuhi kutoka Ng'ambo walikofikia, kwa sababu Bi Mize alisema haondoki mpaka alione jina kwenye karatasi. Alikuwa na haki ya kutotuamini. Kazija aliketi karibu na Bi Mosi akichagua nyuzi. Mimi nilikuwa nikimtazama kila nikiinua kichwa, naye kila nikimtazama alikuwa akinitazama, labda akishangaa kwa nini mtu mzima anaogopa hivyo.

Alkhamisi, ukurasa wa tisa ulikwisha saa tano asubuhi. Watoto hai niliokuwa nimewaondoa walikuwa wanne. Kati yao mwenye ugonjwa wa moyo alikuwa Kazija peke yake, lakini watatu wale wengine nao walikuwa na mama zao. Nikawarudisha wote. Nikachapisha orodha, nikamwonyesha Bi Mize mahali jina lilipo. Akalisoma mara mbili, jina na baba na babu, ndipo akasema, "Haya." Sikuipa karatasi tarishi yeyote. Niliibeba mwenyewe kwa miguu, nikapita Mkunazini na jua la saa hiyo, nikaikabidhi mkononi kabla ya adhana, nikasubiri isainiwe.

Ijumaa Bwana Kanti alitimiza ahadi. Aliniita, akanipa daftari la miraba na penseli. "Andika tena," akasema. "Mara kumi na moja. Na ya kwanza mpaka ya mwisho, ataziona Bi Mosi."

Nikaandika. Bi Mosi aliketi kando yangu na kofia yake, na kila nilipomsomea programu kwa Kiswahili cha kawaida, mstari kwa mstari, alikuwa na la kuuliza. Na mama aliyeolewa mara mbili je? Na mtoto anayelelewa na nyanya yake, wakaandika jina la nyanya? Na pacha? Mara ya kumi na moja programu ilikuwa na mistari ishirini na sita, na haikuwa ikimfuta mtu yeyote. Iliwaweka wale wanaofanana kando kwa kando kwenye karatasi, ikaacha nafasi tupu ya mtu kuandika alichojibu mama. Hiyo ndiyo programu bora niliyopata kuandika maishani, na haina akili hata kidogo.

Kazija alionekana na madaktari, akapelekwa, akatibiwa, akarudi. Siku moja ngazi zetu zikapandwa mbio, mtu anakimbia, na Bi Mosi akainua kichwa kutoka kwenye kofia. Alikuwa yeye, mamake bado yuko chini anamwita asikimbie. Bi Mize alipofika juu hakuketi. Aliomba kitu kimoja, nimfungulie daftari. Nikamfungulia. Ilikuwapo mistari miwili, mmoja chini ya mwingine, jina lile lile, wazazi wale wale. Akaweka kidole kwenye wa juu.

"Huyu mkubwa," akasema. Akateremsha kidole. "Huyu mdogo."

Zoezi lenu la Jumamosi ijayo basi ni hili. Nitawapa karatasi yenye majina ishirini, nanyi mniandikie programu ya kutambua nani ni nani. Kila mwaka nawapa wanafunzi wangu zoezi hili, na kila mwaka wanafuta watu. Andikeni kwa penseli kwanza. Andikeni mnachotarajia. Halafu msiniletee mimi, mpelekeeni mtu wa nyumbani asiyejua kompyuta, mama, nyanya, jirani anayekaanga mihogo, mumsomee mstari kwa mstari na mkae kimya akiuliza. Mkirudi nitawafutisha, mtaandika tena, nanyi mtanichukia kuanzia mara ya nne. Sitawaacha mpaka ya kumi na moja.

Bwana Kanti amekwisha tangulia. Bi Mosi yupo kwao, macho hayaoni sindano tena, lakini ukimpelekea programu bado anaikosoa kwa simu. Kazija mdogo ni mwalimu wa skuli kijijini kwao, naye na mamake ndio walionipa ruhusa ya kuwasimulia haya. Ofisi yetu imebadilisha mitambo mara tatu tangu siku zile, na kila tulipohamisha daftari vijana walisafisha, wakapunguza, wakaleta programu mpya zenye majina makubwa. Kila mara nilisubiri wamalize, nikaketi, nikawatafuta wawili hao kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku yangu ya mwisho kazini walinipikia biriani. Walipokuwa wakipakua niliingia chumbani, nikafungua daftari, nikaandika Kazija, Ame, Vuai. Wote wawili wapo.